Mafua yanapoukuta moyo uliochoka

Mama ana ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu vizuri. Akipata mafua makali tu, analazwa. Si ugonjwa wa mapafu huo?

Huanzia huko, ila moyo ndio unaolipa. Homa huongeza kasi ya mapigo, na moyo unaokimbia haupati muda wa kujaa damu. Mapafu nayo yakiugua, oksijeni hupungua. Kemikali ambazo mwili humwaga kupambana na virusi hulegeza msuli wa moyo, na figo huanza kushikilia chumvi na maji. Moyo wenye nguvu huhimili yote hayo. Wa mama yako hauna akiba, ni kama mtu ambaye mshahara wake huisha wote: ikija dharura moja tu, anakopa. Maji hurudi mapafuni, pumzi inakata.

Nitajuaje kama kikohozi ni cha mafua au cha moyo?

Mpime uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla hajala. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 hajanenepa, hayo ni maji. Angalia pia kama kikohozi kinazidi akilala chali, kama ameanza kuomba mto wa pili na wa tatu, na kama soksi zinamwachia alama ya kina kifundoni. Ukiyaona hayo mpigie daktari siku hiyohiyo, hata kama homa imeshuka. Wengi huzidiwa wakati huo hasa, nyumba nzima ikidhani amepona. Akihema kwa shida akiwa amekaa, au akichanganyikiwa, au midomo ikawa ya bluu, mkimbizeni hospitali.

Anaweza kutumia dawa za mafua za dukani?

Hapa ndipo ninapoona watu wengi wakiumia bila kujua. Parasetamoli kwa kipimo chake kwa kawaida haina shida, lakini ile ya kuyeyusha kwenye maji iache: kidonge kimoja kinaweza kuwa na miligramu 400 hivi za sodiamu, na mtu hunywa kadhaa kwa siku. Ibuprofeni na diklofenaki huifanya figo ishikilie maji. Dawa za kuzibua pua zenye pseudoefedrini hubana mishipa na kupandisha presha. Soma maandishi madogo ya pakiti, maana hivi vitu huchanganywa humo kimyakimya. Antibiotiki haiui virusi.

Aendelee na vidonge vya kukojoza?

Ndiyo. Ila akitapika, akiharisha au akishindwa kula, ulizeni daktari kwanza, maana vinaweza kumkausha na kuumiza figo.

Chanjo ya mafua inausaidia moyo kweli?

Inausaidia, kwa kuwa hupunguza uwezekano wa kupata influenza, yaani yale mafua makali, ambayo huutikisa moyo. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa 2018, ulionyesha kuwa katika siku 7 za mwanzo baada ya influenza kuthibitishwa maabara, hatari ya shambulio la moyo ilipanda takriban mara 6. Apate chanjo kila mwaka kwa kuwa kirusi hubadilika, nanyi mnaoishi naye vilevile. Mafua madogo ya kawaida haiyazuii, kwa hiyo msiilaumu akipiga chafya.

Mimi ni kijana, sina ugonjwa wowote. Mafua yaliisha lakini sasa ngazi zinanishinda na moyo unadunda ovyo.

Mara chache virusi hushambulia msuli wa moyo wenyewe, hata wa kijana. Acha mazoezi kabisa na umwone daktari leo, akupime umeme wa moyo na damu, na ikibidi akupige picha ya moyo.