Kiwanja cha zamani cha hoki ya barafuni kaskazini mwa Michigan

Ndugu, umeuliza uende kiwanja kipi cha hoki ukiwa huko Michigan, Marekani, Januari. Nenda Calumet Colosseum, usisite. Kilifunguliwa mwaka 1913, enzi za migodi ya shaba, na mpaka leo watoto wa mji wa Calumet wanacheza humo. Mimi ningechagua mechi ya vijana wa hapo badala ya kwenda kutazama jengo tupu, maana uzuri wake ni kwamba bado kinatumika. Vaa koti zito hata ukiwa ndani.

Kama kilomita 20 kusini ni Houghton. Timu yake ya Portage Lakes ilikuwa kwenye ligi ya kwanza ya kulipwa ya mchezo huu, iliyoanza 1904. Uwanja wao, Amphidrome, uliungua 1927. Pale pale pakajengwa unaoitwa sasa Dee Stadium. Upitie.

Ila barabara, jamani! Upepo unaovuka Ziwa Superior hubeba unyevu na kuumwaga pale kama theluji, zaidi ya mita 5 kwa msimu wa kawaida. Kodi gari lenye matairi ya theluji, na usiendeshe usiku.