Kusoma utengenezaji wa mifumo ya biashara Mbeya: jibu langu kwa mleta uzi

Mleta uzi, umesema umemaliza kidato cha sita Iringa, umepata nafasi ya kuja Mbeya kusoma kozi ya kutengeneza mifumo ya biashara, na kaka yako anakuvunja moyo: eti zile hatua za SDLC (mzunguko wa kutengeneza mfumo tangu kupanga hadi kutunza) ni za kukariri tu kwa ajili ya mtihani, heri ujifunze kuandika programu YouTube uanze kupiga hela. Mimi nimesoma hapahapa Mbeya na hadi leo nakula kwa kutengeneza mifumo ya maduka, stoo na mashine za kukoboa huku Nyanda za Juu Kusini. Kaka yako ana hoja kwenye hilo la kukariri. Kwenye mengine simuungi mkono.

Darasani utazikuta hatua zimepangwa foleni: kupanga, kuchambua mahitaji, kusanifu, kuandika programu, kujaribu, kufunga kwa mteja, kutunza. Utachorewa ngazi inayoshuka na mtihanini utaulizwa uitaje. Jambo ambalo walimu wengi hulipita ni kwamba mchoro ule chanzo chake ni makala ya Winston Royce ya mwaka 1970, na Royce mwenyewe aliuchora ili aukosoe. Alisema ukiufuata hivyo ulivyo unajitafutia balaa, kwa sababu majaribio yanakuja mwishoni, na tatizo kubwa likigundulika huko linakurudisha kwenye usanifu, pengine hadi kwenye mahitaji yenyewe. Akashauri kitu kipya kijengwe mara mbili na mteja ashirikishwe njiani. Watu wakachukua mchoro, maelezo wakayaacha. Wale 17 waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001 wakatoa tamko la Agile (kutengeneza programu kidogokidogo huku mteja akiona na kusahihisha), walikuwa wanapambana na mazoea yaliyotokana na mchoro huo. 

Ukishajua ugomvi huo, SDLC inaacha kuwa orodha. Kila hatua inakuuliza swali lilelile: kosa lililomo humu nitaligundua lini, na siku hiyo kulirekebisha kutanigharimu nini? Na kwa mifumo ya biashara, makosa ya gharama kubwa huwa yameshaingia kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu. YouTube haitakufundisha hilo, kwa sababu hujifunzi kwenye kompyuta. Unajifunza kwenye kaunta buku la mwenye duka.

Nikupe mfano. Kuna mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Mbarali aliyeniita baada ya kijana mwingine kumuuzia mfumo ukamshinda. Aliomba mfumo wa stoo na mauzo, na akapewa kweli mfumo wa stoo na mauzo: jedwali la bidhaa, idadi, bei, kitufe cha kuuza. Programu ilikuwa safi tu, nimeiona. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya mpunga uliolala kwenye godauni lile haukuwa wake. Ni wa wakulima na wafanyabiashara wanaouhifadhi pale wakisubiri bei ipande. Yeye anachotoza ni ujira wa kukoboa, na pumba zinabaki kwake anaziuzia wafugaji. Mfumo ukawa unamwonyesha tajiri wa mpunga ambao hana, huku pumba, ambazo ni sehemu ya mapato yake halisi, hazimo kabisa.

Sasa angalia usanifu unavyobadilika ukilijua hilo mapema. Huanzi na bidhaa, unaanza na mzigo: wa nani, umeingia lini, umepimwa kilo ngapi, umelala wapi. Mzigo unaingia ukiwa mpunga unatoka ukiwa mchele, na kilo 100 za mpunga mara nyingi zinatoa kama kilo 60 hadi 65 za mchele, kwa hiyo lazima mfumo uruhusu kilichotoka kuwa pungufu na uhifadhi tofauti hiyo, maana hapo ndipo ugomvi wa mkulima na mwenye mashine unapozaliwa. Kisha kuna mkulima anayechukua hela ya dharura kwa mwenye mashine huku mpunga wake ukiwa dhamana. Hilo hakuna aliyelitaja kwenye mahojiano. Nililiona kwa kukaa pembeni ya karani nikitazama anachoandika nyuma ya daftari. Kitabuni wanaita kuchunguza kazi inavyofanyika, wanakipa aya moja. Mimi ningekipa muhula mzima.

Ukija mjini kuna mitihani mingine. Nenda Mwanjelwa au soko la SIDO ukaulize gunia la viazi lina kilo ngapi. Viazi vya Rungwe au vya Umalila vinaweza kuja na lumbesa, yaani gunia lililoshonewa kilemba juu, ambayo Wakala wa Vipimo wanaipiga vita miaka nenda rudi. Ukiweka kwenye databesi kwamba gunia ni kilo 100, umeandika uongo siku ya kwanza. Weka kipimo cha mzani kama ukweli, gunia liwe jina tu la kifungashio. Halafu kuna mali kauli, yaani kuuza kwa mkopo wa mdomo. Biashara ya jumla huku inaenda kwa kuaminiana: mzigo unaondoka leo kwenda Tunduma, hela inakuja ikishauzwa. Mfumo unaodhani kila mauzo yanamalizika pale kaunta hautadumu wiki. Na ukihifadhi majina na namba za simu za wadaiwa, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Orodha ya wadaiwa si kitu cha kuacha wazi kwenye simu ya kila mfanyakazi.

Kuna sharti moja ambalo mteja hatakuambia mbele ya wafanyakazi wake: anahisi anaibiwa. Karani naye hatakuambia kwamba hataki mfumo. Wote wawili watakuomba kitufe cha kufuta mauzo, kwa sababu tofauti. Usiwape. Muamala ukishaandikwa usifutwe. Ukikosewa, uandikwe mwingine wa kuurekebisha, na jina la aliyefanya na saa vibaki. Wahasibu walilijua hili kabla kompyuta hazijakuwepo. Kwa hiyo ukifika hapa tafuta rafiki anayesoma kule Taasisi ya Uhasibu, wana kampasi Mbeya. Mkae akufundishe debiti na krediti, wewe umfundishe kutengeneza jedwali. Utapata faida kubwa kuliko yeye.

Kwenye kuandika programu sina mengi. Lugha yoyote kati ya PHP, Python, Java au C# itakupa kazi, na hapo kweli YouTube inasaidia. Ila hela na kilo usizihifadhi kwenye namba za desimali elea (float), ambazo kompyuta huzihifadhi kwa kukadiria. Jaribu kujumlisha 0.1 na 0.2 kwenye Python uone jibu. Tumia aina ya desimali kamili (decimal) ya databesi au namba nzima. Viwango vya kodi navyo usivishindilie ndani ya programu. VAT ya Tanzania Bara ilikuwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009, na aliyekuwa ameandika 20 kila mahali alilazimika kuisaka mstari kwa mstari. Kiwango kiwe kwenye jedwali, pamoja na tarehe kilipoanza, ili risiti ya zamani ikichapishwa tena itoke ilivyokuwa. Kama mteja anatumia EFD, ile mashine ya risiti za kodi, jua mapema mfumo wako utaongeaje nayo, usisubiri siku ya kufunga.

Majaribio: chukua kurasa za kaunta buku la mwezi uliopita, uziingize zote kwenye mfumo, uone kama jumla zinafanana na za daftari. Ni kazi ya kuchosha na hakuna jaribio bora kuliko hilo. Zima umeme katikati ya mauzo. Chomoa intaneti. Tukuyu mvua ikikolea mtandao unapotea, na mteja hawezi kumwambia mnunuzi asubiri jua. Siku ya kuanza usikubali daftari litupwe. Daftari na mfumo viende pamoja mwezi mzima, jioni vinalinganishwa. Wateja hulalamika kwamba ni kazi mara mbili, na ni kweli, lakini mwezi huo ndio utakaokuonyesha mahitaji yote yaliyofichika. Bakapu nayo iweke nje ya jengo, na uijaribu kuirudisha kabla hujahitaji.

Matunzo ndiyo yatakayokulisha, na ndiyo wanachuo wengi hawayawekei bei. Wanatoza hela ya kujenga, halafu miaka inapita wanapigiwa simu usiku bure. Kwenye mkataba tenganisha bei ya kujenga na ada ya matunzo, na uandike nini ni kurekebisha hitilafu na nini ni kitu kipya. Mteja akikataa kulipia matunzo, heri mfahamiane mapema.

Umeuliza pia kuhusu mradi wa mwaka wa mwisho. Tafadhali usilete mfumo wa hosteli, maktaba wala kura za serikali ya wanafunzi. Wanachuo wanaziandika hizo kwa sababu ni biashara pekee wanazozijua, na majopo yamezichoka. Tafuta biashara moja mwaka wa kwanza, iwe ghala la parachichi Njombe, duka la pembejeo Uyole au stoo ya mbao Mafinga, na uifuate hadi mwisho. Kila somo likija, lihamishie pale: mchoro wa mtiririko wa taarifa uwe wa kwao, databesi iwe ya kwao, fildi ukiweza uifanyie hapohapo. Wakati wenzako wanatafuta mada, wewe utakuwa unachagua tatizo lipi uliache.

Mwisho, laptopu yako ya RAM GB 4 uliyoiulizia inatosha kuanzia. Weka Linux nyepesi, programu ya kuhariri isiyo nzito, na databesi ya SQLite au MySQL. Ukitaka kujaribu programu za simu, achana na simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, itaganda. Chomeka simu yako mwenyewe kwa waya. Hela uliyotaka kuongezea ununue mpya, nunua SSD (diski ya kasi), na inayobaki iwe nauli ya kwenda kukaa na karani.