Anayeacha Sigara Aulizwe Hali, Asipekuliwe Mifuko

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lililopita mliwauliza wasomaji ni msaada gani wa watu wa karibu unaomfaa kweli mtu anayeacha sigara. Naandika kutoka Tanga, nikiwa mtu mzima aliyevuta tangu ujanani na ambaye sasa, kwa rehema za Mungu na wema wa watu wachache, ameishi miaka kadhaa bila sigara. Jibu langu ni kwamba msaada unaofaa ni wa mtu anayekaa nawe katika zile dakika hamu inapopanda, asikuhubirie wala asikuchunguze, na awe anaijua kazi yake kwa kuwa wewe mwenyewe ulimwomba aifanye. Mawaidha, picha za mapafu yaliyoharibika na machozi ya wazazi vina nafasi yake kabla mtu hajakata shauri. Akishakata shauri, anahitaji watu wa kumvusha siku.

Ili msaada huo ueleweke, ni lazima kwanza ijulikane mtu huyo anapambana na nini. Nikotini ikivutwa hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu, na kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, ndiyo maana mvutaji wa kila siku huamka alfajiri mwili ukiwa tayari unaidai. Anayeacha hupata taabu kubwa zaidi katika siku mbili tatu za mwanzo: hasira zisizo na sababu, usingizi wa mang'amung'amu, njaa isiyoisha, huzuni, na akili isiyotulia kwenye kazi. Vijana wa mitaani huiita hali hiyo arosto, na kwa watu wengi hulegea ndani ya wiki mbili hadi nne. Jambo ambalo jamaa wengi hawalijui ni kwamba hata katika siku mbaya kabisa hamu haikai muda wote. Huja kama wimbi, likapanda, likadumu dakika chache ambazo mara nyingi hazifiki kumi, kisha likashuka, awe mtu amevuta au hakuvuta. Kwa hiyo familia inayoitisha kikao, ikamweka mtu kati kwa saa mbili na kumwapisha, imefanya kazi kubwa mahali pasipohitajika. Dakika tano za kuwa naye jioni, zikirudiwa kila siku kwa mwezi mzima, zingemfaa zaidi.

Kwangu mimi saa ya hatari ilikuwa baada ya swala ya magharibi, kwenye baraza ya kahawa pale Ngamiani, ambako kwa miaka mingi kikombe cha kahawa chungu, kipande cha kashata, dhumna na sigara vilikuwa vimeshikana visiachane. Washauri wengi humwambia anayeacha aikimbie baraza, na mimi ushauri huo siukubali moja kwa moja. Mtu wa pwani aliyetengwa na baraza yake amenyimwa habari za misiba na harusi, amenyimwa ubishi wa mpira, na amebaki peke yake nyumbani, mikono haina kazi, katika saa ileile aliyozoea kuvuta. Upweke huo wenyewe waweza kumrudisha alikotoka. Aliyenifaa alikuwa rafiki yangu, fundi cherehani aliyekuwa ameacha kabla yangu, ambaye nilimwomba kitu kimoja tu: anipitie kila siku baada ya magharibi. Akinipitia, tulizunguka mitaa kwa miguu hadi isha tukizungumza habari za Coastal Union, bei ya vitambaa na masomo ya watoto wetu, na sigara hakuitaja mpaka niitaje mimi. Wiki za mwanzo zilipopita tulirudi barazani pamoja, tukakaa upande ambao upepo hautuletei moshi, naye akaketi kati yangu na wavutaji bila kumweleza mtu yeyote kwa nini.

Wanabaraza nao wanapaswa kujua jambo moja la mwilini, maana nimeona likiwaangusha watu wenye nia njema. Kemikali zilizomo katika moshi wa sigara hulifanya ini liivunje kafeini kwa haraka, hivyo mvutaji huweza kunywa vikombe vingi vya kahawa asione kitu. Akiacha, ini hurudi kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya siku chache, na kahawa ileile ya kila siku hudumu mwilini muda mrefu zaidi, moyo ukaenda mbio, mikono ikatetemeka na usingizi ukakataa kuja. Yeye hudhani arosto imezidi, kumbe nyingine ni kahawa. Muuza kahawa wetu alipoelezwa hayo alianza kunimiminia nusu kikombe na kuniongezea kashata, na jambo hilo dogo nalihesabu miongoni mwa misaada mikubwa niliyoipata.

Muuza duka ni mtu mwingine anayesahauliwa. Huku kwetu sigara huuzwa moja moja, na kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba pale dirishani, hivyo mtu hahitaji fedha ya paketi wala muda wa kufikiri. Sarafu zilizobaki mfukoni zinatosha. Nchini Kenya, sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara katika pakiti yenye chini ya sigara kumi, ingawa vibandani bado zinauzwa moja moja. Mimi sikungoja sheria. Nilikwenda kwa mwenye duka la mtaani kwetu saa ambayo hakuwa na wateja, nikamwambia, "Mangi, nimeacha. Nikija kukuomba sigara, usiniuzie hata nikikasirika." Akanijibu, "Sawa mwalimu, lakini usije ukanihama." Sikumhama, niliendelea kununua kwake sukari, sabuni na vocha, na siku nilipofika nikiwa nimebadilika uso alinipa bigijii na kuanza kuniuliza habari za shule.

Nyumbani ndiko msaada unakoharibika kwa urahisi zaidi, na unaharibika kwa sababu ya mapenzi. Mke anayenusa shati, mama anayepekua mifuko, mtoto anayetumwa kwenda kuchungulia baba anafanya nini nyuma ya nyumba, wote hao wanampenda mtu wao, na wote wanamfundisha kujificha. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, Sheldon Cohen na Edward Lichtenstein, walichapisha utafiti kuhusu wenzi wa watu wanaoacha sigara, wakaona kwamba kufaulu kuliendana na uwiano kati ya matendo ya kutia moyo na matendo ya kusumbua na kupeleleza. Nimemwomba zaidi ya mtu mmoja ajipime kwa kipimo hicho usiku kabla hajalala: leo nimempongeza mara ngapi, na nimemshutumu mara ngapi? Mke wangu, ambaye nilikuwa nimemwomba asiniulize kama nimevuta, alianza kuniuliza, "Leo ilikuwaje?", na swali hilo liliniachia nafasi ya kusema kweli, iwe nzuri au mbaya. Juu ya kabati, mahali paketi ilipokuwa ikikaa, aliweka mswaki wa mti na karafuu za kutafuna, maana mkono na mdomo navyo hutafuta shughuli. Nilipokuwa mkali kwa watoto katika zile siku za mwanzo, aliwaambia kwamba baba mwili wake haujatulia na utatulia. Watoto walielewa kuliko tulivyotarajia.

Msomaji akidhani kwamba haya ni mambo ya sisi tuliozoea kuishi kwa kutegemeana, na autazame utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Nicholas Christakis na James Fowler, waliochambua kumbukumbu za watu 12,067 waliohusika na uchunguzi mkubwa wa magonjwa ya moyo wa Framingham, katika jimbo la Massachusetts, kuanzia mwaka 1971 hadi 2003. Mume au mke alipoacha sigara, uwezekano wa mwenzake kuwa mvutaji ulipungua kwa asilimia 67. Rafiki alipoacha, ulipungua kwa asilimia 36. Mfanyakazi mwenza katika sehemu ndogo ya kazi, asilimia 34. Ndugu wa kuzaliwa pamoja, asilimia 25. Nimezitafakari sana tarakimu hizo, kwa sababu desturi yetu ni kumtuma kaka mkubwa akamseme mdogo wake, wakati huenda rafiki anayekaa naye kijiweni ana nguvu zaidi juu yake kuliko sisi tuliozaliwa naye. Watafiti hao waliona pia kwamba makundi mazima ya watu wanaojuana yaliacha kwa pamoja, na waliobaki wakivuta wakawa wamesukumwa pembezoni mwa mahusiano. Hilo la mwisho linanihuzunisha. Asiyeacha leo huenda akataka kuacha mwakani, na akiwa ametengwa hatakuwa na mtu wa kumpitia jioni.

Sisi Waislamu tunalo jambo ambalo lingepaswa kutusaidia zaidi kuliko linavyotusaidia. Katika mwezi wa Ramadhani mtu aliyekuwa akisema hawezi kukaa saa mbili bila sigara hukaa kutwa nzima, kwa kuwa nyumba nzima, ofisi nzima na mtaa mzima wamefunga pamoja naye. Kisha adhana ya magharibi inaadhiniwa, anakula tende, na kabla uji haujapoa keshawasha. Kwa hiyo kipindi kinachohitaji wenzake ni kifupi na kinajulikana, kuanzia futari hadi tarawehe. Ningependa kuona wavutaji wawili watatu wa msikiti mmoja wakikubaliana kufuturu pamoja na mtu asiyevuta, kisha wakaondoka moja kwa moja kwenda kuswali, na mpango huo ukaendelea baada ya Idi, kwa maana Idi ndiyo siku ambayo wengi hurudi. Wakristo walioamua kuacha wakati wa Kwaresima wanaweza kupanga jambo kama hilo kwa Pasaka.

Sisemi kwamba dawa hazina kazi. Dawa zenye nikotini ya kumpunguzia mtu arosto, kama vile plasta za kubandika kwenye ngozi na ulimbo wa kutafuna, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na mwongozo wa shirika hilo wa Julai 2024 kuhusu kuwasaidia watu wazima kuacha tumbaku unapendekeza dawa ziende pamoja na ushauri. Huku mikoani si kila duka la dawa linazo, na bei yake si ya kila mfuko. Anayeweza kuzipata amwone daktari au mfamasia ajue ipi inamfaa. Kwa asiyezipata, watu wanaomzunguka wanabeba mzigo mkubwa zaidi, na ndiyo sababu naona swali lenu halikuwa la mapambo.

Sasa niseme juu ya siku ya kuteleza, ambayo huwajia wengi, kwa kuwa wengi hujaribu zaidi ya mara moja kabla ya kuacha kabisa. Mtu amevuta moja msibani au kwenye sherehe, na usiku huo anajiona amerudi mwanzo. Anayemkuta katika hali hiyo ana maneno machache tu ya kuchagua, na maneno hayo yana uzito. Akisema, "Nilijua tu," amemkabidhi paketi nzima. Mimi nilipomwambia fundi wangu kwamba nimevuta, alisema, "Pole. Kesho nakupitia kama kawaida," na kesho yake akaja kama alivyosema, tukazungumza habari za mpira. Mwili wenyewe hauhesabu kama tunavyohesabu sisi: mapigo ya moyo huanza kushuka dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, na baada ya mwaka mmoja bila sigara hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hufikia takriban nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta. Mwenye kuteleza ana haki ya kukumbushwa hayo na mtu anayemtakia heri.

Yapo makundi ambayo haya yote hayawafikii, na hasa nawafikiria wanawake wanaovuta. Mwanamume akiacha sigara hupongezwa hadharani. Mwanamke katika miji yetu hawezi hata kusema kwamba anaacha, kwa sababu angelazimika kwanza kukiri kwamba alikuwa anavuta. Anavuta uani usiku, au chooni, na anaacha akiwa peke yake, na akiteleza hakuna anayejua. Hawezi kumwomba Mangi asimuuzie, kwa kuwa humtuma mtoto kununua kwa jina la baba. Kwa mwanamke huyo naona mahali pa kuanzia ni zahanati, ambako mwongozo wa mwaka 2024 unawataka watoa huduma watoe ushauri mfupi wa kati ya sekunde 30 na dakika 3 kwa kila mtumiaji wa tumbaku anayefika. Muuguzi wa kliniki ya shinikizo la damu au ya wajawazito anaweza kumuuliza mama akiwa peke yake, mlango umefungwa, kwa sauti ileile anayoulizia chakula na usingizi, kisha akamwomba ataje shoga mmoja anayemwamini ambaye ataambiwa, ikiwa mwenyewe ataridhia, na ambaye atampitia jioni. Nawaomba wauguzi wanaosoma gazeti hili waanze kuliuliza swali hilo wiki hii.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga