Sauti zinazotoka sikioni: maswali na majibu

Sikio kazi yake ni kupokea sauti. Linawezaje kutoa?
Seli za nywele za nje, ndani ya koklea (sehemu ya sikio la ndani yenye umbo la konokono), hujikunja na kujinyoosha ili kukuza mtikisiko dhaifu. Sehemu ya nguvu hiyo hurudi nyuma hadi kwenye tundu la sikio. Thomas Gold alibashiri jambo hili mwaka 1948. David Kemp, London, akachapisha vipimo mwaka 1978.

Nikipiga mlio mfupi, maikrofoni inanasa mwangwi wa mlio wenyewe. Nitautengaje na jibu la sikio?
Piga milio minne mfululizo: mitatu inayofanana, kisha wa nne uliogeuzwa, chanya ikawa hasi, na kukuzwa mara tatu. Jumlisha rekodi zote nne. Spika na tundu la sikio hufuata uwiano, kwa hiyo mwangwi wao hujifuta. Koklea haifuati: sauti ikiongezwa mara tatu, jibu lake huongezeka pungufu ya hapo, na masalio hubaki. Hata hivyo futa milisekunde 2.5 za mwanzo, kisha chambua hadi ya 20.

Rudia fungu hilo la milio minne mara nyingi, na gawa mafungu hayo kwa zamu katika hifadhi mbili, A na B, upate wastani wa kila moja. Nusu ya tofauti yao ni kelele. Jibu lisipoizidi kelele kwa angalau desibeli 6, usiliamini. Ukiongeza marudio maradufu, kelele hushuka desibeli 3 tu, kwa hiyo ni nafuu kutupa mapema rekodi ambayo mtu amemeza mate.

Badala ya mlio mfupi natumia toni mbili kwa pamoja, lakini vilele vya spektra (mchoro wa nguvu ya sauti kwa kila masafa) vimetapakaa.
Mizunguko haijakamilika ndani ya dirisha, yaani kipande cha rekodi kinachochambuliwa. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na dirisha la sampuli 4,800, hatua kati ya masafa ya spektra ni Hz 10. Weka toni ya chini, f1 = Hz 3,280 kwa desibeli 65, na ya juu, f2 = Hz 4,000 kwa desibeli 55; jibu la sikio, toni ya tatu inayozaliwa na hizo mbili, litafute kwenye 2f1−f2, yaani 2,560. Dirisha la 4,096 lina hatua ya Hz 11.72, na 4,000 haiiangukii.

Kilele hicho cha 2,560 kinaonekana hata probu (kifaa cha kuingiza sikioni chenye spika na maikrofoni) ikiwa ndani ya kijibomba kitupu.
Basi ni cha vifaa. Kila toni iwe na spika yake, na hakikisha maikrofoni haizidiwi.

Mtoto mchanga hakutoa jibu. Ni kiziwi?
Hatujui bado. Majimaji au utando tunduni huziba sauti. Safisha ncha ya probu, badilisha mpira wake, rudia. Na akifaulu, neva ya kusikia bado haijapimwa.