Mazungumzo ya zamani: yapi yaamshwe, yapi yaachwe yalale

SWALI: Mimi ni mkulima wa kahawa aina ya robusta wilayani Luweero, na nimo katika kundi la WhatsApp la wakulima zaidi ya mia mbili. Mwezi Machi 2023 mwenzetu aliuliza kwa nini vitawi vya mikahawa yake vinakauka ilhali mti wenyewe ni mzima. Mmoja alimwambia awaulize UCDA, yaani mamlaka ya kuendeleza kahawa ya Uganda, mwingine akabahatisha, kisha habari za bei zikaingia na swali likasahaulika. Juzi nami nimepatwa na tatizo hilo hilo, na afisa wa kilimo wa gombolola yetu akanionyesha mdudu mweusi anayetoboa vitawi. Nikalitafuta swali lile, nikalijibu: “Ni mdudu. Kata, choma.” Msimamizi wa kundi akaniambia mbele ya wote kwamba nafukua makaburi, na kwamba yaliyopita si ndwele. Je, nilikosa adabu?

JIBU: Hukukosa adabu, bwana mkulima, na methali uliyotupiwa haikuhusu. Ndwele ni maradhi, na wazee waliposema kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, walikuwa wakiwaasa watu waliokoseana waache kutoneshana vidonda. Swali la mwenzako halikuwa ugomvi hata lihitaji kusahauliwa. Lilikuwa tatizo la shambani, na tatizo hilo halijapita, kwa kuwa sasa liko kwako. Mdudu huyo aliripotiwa Uganda kwa mara ya kwanza huko Bundibugyo mwaka 1993, naye hajali swali liliulizwa lini. Anayejua kwamba kitawi kilichotobolewa hukatwa na kuchomwa moto, kwa sababu mdudu na watoto wake wamo ndani, ana wajibu wa kusema hata kama aliyeuliza alikwisha kukata tamaa ya kujibiwa.

Ninalokuonya ni namna ulivyojibu. Ujumbe wa zamani unaponukuliwa, kile kisanduku kidogo kinachotokea juu ya jibu lako huonyesha jina la mwandishi na maneno yake, lakini hakionyeshi tarehe. Aliyefungua simu asubuhi akaona swali lile na jibu la maneno manne chini yake, angeweza kudhani kwamba mwenzenu anauliza leo, akampigia simu kumpa pole ya jambo alilokwisha kulimaliza zamani, pengine hata kwa kung'oa mikahawa yenyewe. Zaidi ya hayo, mtu akiamsha mazungumzo huyaamsha yote, pamoja na ushauri ambao umechakaa humo ndani. UCDA, aliyotajiwa mwenzenu mwaka 2023, iliondolewa kwa sheria ya mwaka 2024 na kazi zake zikahamishiwa Wizara ya Kilimo, na kwa hiyo mgeni wa kundi anayeusoma ushauri ule leo atakwenda kubisha mlango ambao haupo tena.

Mimi ningeandika hivi: “Ndugu zangu, narudi kwenye swali la Machi 2023 kuhusu vitawi vinavyokauka, kwa sababu halikupata jibu kamili. Wiki hii afisa wa kilimo amenionyesha upande wa chini wa kitawi tundu dogo kama la pini, ambamo huingia mdudu mweusi. Vitawi hivyo hukatwa vikachomwa. Ule ushauri wa kuwaona UCDA umepitwa na wakati, kwa kuwa kazi zao sasa ziko wizarani. Wewe uliyeuliza, mikahawa yako iliendeleaje?” Ujumbe huo una tarehe, una jambo jipya, unasahihisha lililoharibika na unamheshimu mwenye swali. Sidhani kama msimamizi angeuita ufukuaji wa makaburi.

Hali ingekuwa nyingine kama ungerudi pale kuandika tu “hata mimi”, kwani hapo simu za watu mia mbili hulia kwa jambo lisilomsaidia yeyote. Vilevile, kama mikahawa yako ingekuwa inanyauka mti mzima, majani yote yakipukutika, ungekuwa unazungumzia maradhi mengine kabisa, na ingekupasa uanzishe swali lako jipya badala ya kulitundika kwenye la mwenzako kwa kuwa tu yanafanana.

Namwomba na msimamizi, kama anasoma ukurasa huu, afikirie upande wa pili: akimkataza mtu kurudi kwenye swali la zamani, swali hilo litaulizwa upya kila msimu, na kila msimu litajibiwa na wale wale wanaobahatisha.

SWALI: Katika kundi letu la wafanyabiashara hapa Busia ulitokea mgogoro mwaka 2022 juu ya michango ya msiba. Wazee walikaa, mweka hazina akarudisha fedha zilizopungua, tukasameheana. Sasa tunakaribia kuchagua viongozi, na leo mtu amerudisha ule ujumbe wa kwanza wa lawama bila kuongeza neno. Baadhi yetu wanasema ni haki yetu kukumbushwa.

JIBU: Mama, hapa ndipo methali ile inapofaa. Anayerudisha lawama akaacha suluhu amewadanganya wenzake, ijapokuwa kila neno aliloliweka liliandikwa kweli. Hata hivyo sikubaliani na watakaosema kwamba hesabu ya zamani isiguswe kamwe, kwa maana fedha za msiba ni amana, na anayeomba uongozi anaweza kuulizwa habari zake, mradi aulizwe kwenye mkutano, kwa jina la muulizaji, na habari yote ikiwa mezani. Weka chini ya ujumbe huo uamuzi wa wazee pamoja na tarehe yake, bila kujibizana. Kisha mtafute mhusika faraghani leo hii, kwa sababu WhatsApp humpa mtu zaidi kidogo ya siku mbili tu za kuufuta ujumbe wake kwa wote.

SWALI: Nilijibu ujumbe wa zamani wa mzee mmoja wa Bombo, nikamwuliza kama bado ana mbegu za mahindi alizotusifia. Kumbe alifariki miezi minane iliyopita, na simu yake anayo mjane wake. Nimeufuta ujumbe. Je, inatosha?

JIBU: Haitoshi, ndugu yangu. Ujumbe ukifutwa huacha alama kwamba ulikuwapo, na mjane huyo, kama hakuusoma, atabaki akijiuliza ni nini kiliandikwa kwa mumewe kisha kikaondolewa. Mpigie simu, au uende mwenyewe kama njia inaruhusu, umweleze kwamba hukuwa na habari ya msiba, na umpe pole ambayo bado ni deni lako. Siku hiyo usitaje kununua mbegu. Lakini kama maneno ya mzee, Mungu amrehemu, yalikufaa shambani, mwambie, na umwombe ruhusa ya kuyarudisha kundini yakiwa na jina lake na mwaka aliouandika ushauri huo.