Mteja anataka mtungi ujazwe mpaka 230, nimjazie?

SWALI: Assalam aleikum. Nipo duka la kuzamia hapa Nungwi, kazi yangu kompresa. Wateja wazoefu wananing'ang'ania niwajazie mitungi ya alumini mpaka baa 230 (baa ni kipimo cha presha) badala ya 200, eti ikipoa inashuka, tena mtungi ushapimwa kwa presha kubwa kuliko hiyo, na kule Florida wazamiaji wa mapangoni ndo zao. Nikikataa bosi ananuna. Nani yuko sawa?
Kijana wa kompresa

JIBU: Wa aleikum salaam mdogo wangu. Hilo la kupoa lina ukweli, ukijaza haraka mtungi unapata moto, geji inasoma 220 na ukipoa inarudi 208 hivi, sawa tu. Ila 230 ya mtungi uliokwisha poa ni habari nyingine, uuache juani nyuma ya pikapu ufike digrii 60, hapo ushavuka 250.

Kupimwa je? Kweli wa PSI 3000 (ndo kama baa 207) unapimwa kwa 5000, lakini umejaa maji, nusu dakika hivi, mara moja kwa miaka kadhaa, na hakuna aliyeukumbatia. Maji hayabanwi kirahisi, mtungi ukipasuka kwenye kipimo yanamwagika basi, ila hewa iliyobanwa inalipuka na kubomoa ukuta, na wa kwanza kuumia ni we ulioshika hozi, mteja yuko zake chai. Halafu alumini inachoka, kila ukizidisha unaipunguzia umri, na nyufa zinapenda kuanzia shingoni kwenye meno ya valvu ambako huoni kitu mpaka uifungue.

Wa Florida wanafanya kweli, mitungi ya PSI 2400 wanaisukuma mpaka 3600, lakini ile ya chuma si hii yako, na 3600 imeshaikaribia 4000 inayopimiwa. Mi siwaigi.

Tena wanachogombania nini? Baa 30 kwenye mtungi wa lita 11 ni kama lita 330 za hewa, akiwa mita 18 chini ni dakika tano sita. Tano sita! Anayetaka zaidi mpe mtungi wa lita 15.

Kingine, valvu nyingi za Kimarekani zina kisahani chembamba kinachotoboka presha ikizidi, kuna wajanja wanapachika viwili ili kisitoboke, ukikuta hivyo usijaze kabisa. Na soma mihuri begani, alumini ya Marekani ya kabla ya 1990 weka pembeni mpaka shingo ikapimwe, aloi (mchanganyiko wa metali) ya zamani ile ina sifa mbaya ya kupasuka hapo hata bila kuzidishwa.