Goti jipya, shamba lile lile

Barua za safari hii zimetoka kwa wakulima na wafugaji waliopasuliwa viungo, au wanaojikokota wakisubiri zamu yao.

Nimeambiwa goti langu limelika, libadilishwe. Nikubali sasa au nivune kwanza?

Goti lililolika kwa kawaida si dharura, kwa hiyo panga na daktari tarehe inayoendana na msimu. Chagua mwanzo wa kipindi cha kazi chache. Wiki 6 za kwanza jihesabu haupo shambani. Kufikia miezi 3 wengi wamerudia kazi nyepesi, lakini uvimbe na ukakamavu huweza kuendelea kupungua hadi mwaka mzima.

Ninachokihofia ni ile "msimu mmoja tu zaidi" inayorudiwa kila mwaka. Goti linalouma halitumiki sawasawa, misuli ya paja inasinyaa, na mwisho mguu haunyooki tena. Ukiingia chumba cha upasuaji katika hali hiyo, kurudi kwako kutakuwa kugumu zaidi. Anza sasa mazoezi ya kukaza paja, na uliza unyanyue mguu vipi.

Atakayekushikia kazi aje kabla hujalazwa, mfanye naye kazi bega kwa bega. Ajue ng'ombe gani anapiga teke na lango gani halifungi vizuri. Maelekezo ya simu kutoka kitandani huishia kwenye ugomvi.

Nina wiki 3 tangu niwekewe nyonga ya bandia. Sisikii maumivu. Naweza kukamua?

Hapana, ndugu yangu. Kutosikia maumivu ndiko kunakowaponza watu, maana misuli na nyama zinazoizunguka nyonga hazijashikamana vya kutosha. Kulingana na upande alikopitia daktari, wengi hukatazwa kukunja nyonga zaidi ya nyuzi 90, kupishanisha miguu na kugeuza mguu kwa ndani. Sasa jitazame ukiwa kwenye kigoda cha kukamulia: magoti yako juu ya kiuno, kiwiliwili kimeinama, na unajipinda kufuata ndoo. Ni mikao ileile inayoweza kuichomoa nyonga kwenye tundu lake.

Halafu kuna ng'ombe mwenyewe. Hata aliye mpole husukuma, na mwenye magongo hawezi kukwepa. Sakafu ya zizi nayo ina mkojo na samadi, na gongo huteleza upesi kuliko mguu. Kaa nje ya uzio kwenye kiti kirefu, andika maziwa, simamia. Siku ya kurudi ndani aitamke daktari aliyekupasua, na hata hapo anza na kazi ya kusimama.

Trekta je?

Wengi huruhusiwa kuendesha baada ya wiki 6 hivi, lakini mimi naangalia mambo matatu. Uwe umeacha dawa kali za maumivu zinazoleta usingizi, uweze kukanyaga breki ghafla kwa nguvu zote bila kusita, na uweze kupanda na kushuka bila kuvutwa na mtu. Aliyefanyiwa mguu wa kushoto akumbuke klachi. Ya trekta kuukuu ni nzito. Kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza uliopasuliwa. Kuruka chini usithubutu.

Mume wangu alibadilishiwa goti wiki mbili zilizopita. Jana nimemkuta bandani anazoa samadi, na kidonda kinatoa majimaji. Nimpe antibiotiki tulizobakiwa nazo za mifugo?

Mama, usimpe hizo, wala za dukani. Mpeleke leo hospitali alikopasuliwa. Vijidudu vikifika kwenye chuma hujijengea utando ambao dawa hupenya kwa shida, na kidonge cha kubahatisha huweza kuvificha kipimo kisivione. Mwisho wake ni kupasuliwa tena.

Mkague na shavu la mguu. Likivimba na kuuma, au akianza kupumua kwa shida au kubanwa kifua, inaweza kuwa damu imeganda, na hiyo haingoji hata saa moja. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, asichanganye na diklofenaki bila idhini ya daktari, kwani anaweza kuvuja damu tumboni.

Na huyo mzee mfichie koleo.

Miezi 8 sasa, natembea vizuri, lakini nikipiga magoti kupalilia nasikia ganzi na karaha. Nimeliharibu goti?

Sidhani. Vineva vidogo vya ngozi hukatwa wakati wa kupasua, ndiyo maana upande wa nje wa kovu hufa ganzi. Kwa baadhi haiishi kabisa. Kidonda kikishapona, kupiga magoti kwa kawaida hakulivunji goti la bandia, ila wengi hawakupendi. Weka mto mnene chini, au tumia jembe la mpini mrefu. Takriban magoti 8 kati ya 10 hudumu miaka 25. Usilimalizie lako kwa kubeba magunia.

Kano ya bega ilishonwa wiki 5 zilizopita. Ndoo ya maji?

Bado. Kwa sasa kinachoshikilia kano ni uzi zaidi. Kushikana kwake na mfupa huchukua wiki 12 hivi, na kazi nzito huja baadaye zaidi. Ndoo abebe mwingine, wewe fungua bomba kwa mkono ule mzima.